Marehemu Mzito Kichwani

Alama ya X nyekundu waliichora juu ya kaburi la Zadok wakati mjane wake, Selestina, yuko mwaloni, ufukweni mwa ziwa, anageuza dagaa wake. Aliporudi aliikuta imepigwa katikati kabisa ya saruji, rangi bado inachuruzika kuelekea msalabani. Nyumba ya jirani ilikuwa imepigwa X, choo cha jirani X, hata mpera wa jirani X, maana barabara ya kwenda Butimba inapanuliwa na haimjui mtu. Lakini nyumba inabomolewa na mambo yanaisha. Kaburi linafukuliwa, na hilo ndilo neno ambalo Selestina alikuwa ameomba miaka yote asilisikie.

Alitua beseni, akajifunga khanga upya, akaenda moja kwa moja kwa shemeji yake Nathaniel, fundi seremala na mzee wa kanisa, ambaye karakana yake ni jirani tu. Nathaniel alikuwa anapiga randa ubao wa mlango. Alipouona uso wa shemeji yake, akaiweka randa chini.

"Wamepiga X," Selestina alisema.

"Nimeiona."

"Sasa?"

"Sasa tuombe."

"Tuliomba wakati ule, shemeji. Ndiyo tumefika hapa."

Nathaniel alichungulia nje, akashusha sauti. "Labda itakuwa imeshaoza."

"Chuma kinaoza?"

"Kinashika kutu."

"Injini ya boti, nguvu za farasi arobaini. Hata ikishika kutu namna gani, itafanana na mifupa ya mtu?"

Nathaniel alichukua penseli iliyokuwa nyuma ya sikio, akaitazama, akairudisha sikioni.

Afadhali tuseme ukweli mapema, kwani mtaa mzima unaujua sasa na hakuna sababu ya msomaji kuachwa nyuma. Zamani hizo Zadok alikuwa nahodha wa boti za tajiri mmoja wa samaki, Msukuma mwenye mwili na sauti, jina lake Ngosha. Siku moja Zadok akaiba injini mpya ya tajiri wake, akaisukumia chini ya kitanda cha mkewe bila kumwambia. Alikuja kumwambia pale ambapo vijana wa Ngosha walikuwa tayari wanazunguka na tairi na dumu la petroli. Alfajiri ile akavuka ziwa, akamwachia Selestina mtoto, madeni ya dukani na injini. Mwalo ukawekewa walinzi, hata kutupa kitu majini haikuwezekana.

"Mtu aliyekufa hatafutwi," ndivyo Nathaniel alivyosema siku ile.

Kwao Rorya, Mjaluo akipotelea majini na mwili usionekane, huzikwa tunda la mti wa yago badala yake, refu kama mkono wa mtu, na watu wakamlilia vizuri tu. Selestina alitaka yago. Nathaniel alikataa: yago ni jepesi, wabebaji wangejua, na Ngosha si mtu wa kuamini maiti ya tunda. Basi wakatangaza kwamba mwili umeokotwa kisiwani, umevimba, haufunguliwi. Nathaniel akachonga jeneza la mninga, wakaiviringisha injini kwenye blanketi la ndoa, misumari ikapigwa. Jeneza lilielemea upande mmoja njia nzima. Mchungaji, kwa kutaka kufariji, alisema marehemu alikuwa mtu wa mawazo mengi.

Aliyebeba upande wa kichwani, upande mzito, alikuwa Ngosha mwenyewe. Alikuwa ameapa hadharani kwamba Zadok hatamaliza wiki, na aliposikia amekufa maji alishikwa na hofu kwamba kiapo chake ndicho kilichomzamisha. Alilia mpaka watu wakamshika mikono. Akaacha pombe, akabatizwa, na tangu hapo akamlipia ada mtoto wa marehemu, Odoyo, kuanzia shule ya msingi hadi chuo cha ufundi. Leo Ngosha ndiye mwenyekiti wa mtaa, na ndiye atakayesimamia ufukuaji.

*

Kikao kilifanyika uani kwa Selestina, viti vya plastiki vikalizunguka kaburi. Ngosha alikuja na afisa afya, binti mpole anayeitwa Gladness, mabuti ya mpira mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Poleni na usumbufu. Tutafukua taratibu, mabaki tutayahamishia kwenye makaburi ya mtaa. Jeneza jipya linatolewa. Familia ichague mtu wa kushuhudia."

"Nitashuhudia mimi," alisema Odoyo. Alikuwa amekuja na mikono yake yenye oili, maana yeye ni fundi wa injini za boti pale mwaloni. Watu husema ufundi ule ameurithi kwa baba yake aliyezipenda injini, na kila wanaposema hivyo Selestina huinamia kitu chochote kilicho karibu kukipanga upya.

Nathaniel alikohoa. "Kuna suala la mila. Kwetu, kaburi la mwenye mji halifunguliwi hivi hivi. Anatakiwa kondoo dume mweupe asiye na doa. Na siku hizi hawapatikani."

"Kondoo natoa mimi," Ngosha alisema papo hapo. "Ninaye. Mweupe pee." Akamgeukia Selestina na kuweka mkono kifuani. "Mama Odoyo, kwa marehemu yule hakuna kitakachonishinda."

"Ahsante, mwenyekiti," Selestina alisema, na moyo ukamuuma kweli, kwa sababu mtu yule alikuwa mwema kwake kuliko ndugu.

Nathaniel akakohoa tena. "Lipo pia suala la afya. Marehemu alikuwa na ugonjwa."

"Si alikufa maji?" Gladness aliuliza.

"Alikufa maji akiwa mgonjwa."

"Ugonjwa gani, mzee?"

"Ule... wa kuambukiza."

Selestina alifumba macho. Ngosha akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mficha maradhi, kilio humuumbua. Ila kilio chenyewe kilishapita, mzee wangu. Ungetuambia siku ile sisi tuliombeba."

"Ni vizuri umesema," Gladness alimwambia Nathaniel. "Nitaleta timu yenye mavazi ya kinga, na tutazungushia utepe."

Na kama kuna kitu kinachoita watu mtaani kuliko msiba, ni utepe.

*

Kesho yake Selestina alimpelekea mwanawe chakula mwaloni, ugali na sato wa kuchemsha kwenye hotipoti. Alikuwa amepanga maneno tangu anakwangua samaki. Angemwambia akishakula, maana mtu aliyeshiba hupokea habari mbaya vizuri zaidi.

Odoyo alinawa, akakaa juu ya kreti, akala. Alipomaliza alivuta mfuko wa nailoni kutoka kwenye kabati la spana.

"Angalia, mama."

Ilikuwa shuka nyeupe, mpya, bado ina mikunjo ya dukani.

"Ya nini?"

"Ya baba. Wale wa mavazi meupe sitaki wamkusanye kama takataka. Nitashuka mwenyewe, nimfunge kwa mikono yangu. Nimemwambia dada Gladness, amekubali nikivaa glovu." Alicheka kidogo kwa aibu. "Nilikuwa mdogo siku ile, sikumwona hata uso. Angalau mara hii nimshike."

Selestina alilishika hotipoti kwa mikono miwili. "Odoyo. Mtu akikudanganya, lakini amekudanganya kwa kukupenda..."

"Nani kakudanganya? Rebeka kafanya nini tena?"

"Rebeka hajafanya kitu. Mkeo ni mtu mzuri."

"Basi nani?"

Kabla hajajibu, mvuvi mmoja aliingia amebeba kabureta kama mgonjwa, anaomba ahudumiwe kwanza kwa kuwa boti inamsubiri. Odoyo akainuka. Akiwa tayari ameinama juu ya kabureta akasema bila kugeuka, "Halafu nisisahau soda yake."

Soda ile ina kisa chake. Odoyo alipokuwa mtoto wa madarasa ya chini, alikuwa akimwagilia maua ya kaburi mchana mmoja, mgeni mmoja akasimama kwenye uzio. Alisema ni rafiki wa zamani wa baba. Akaenda dukani, akarudi na soda mbili za machungwa, moja akampa mtoto, nyingine akasema, "Hii mpe baba yako." Toka siku ile, kila Krismasi, Odoyo hulipaka kaburi chokaa na kuweka juu yake soda ya machungwa iliyofunguliwa. Amefanya hivyo hadi amekuwa mtu mzima mwenye ndevu, na hakuna anayemcheka. Mama yake tu ndiye ambaye saa hiyo huwa na kazi jikoni.

Selestina alirudi nyumbani na hotipoti tupu na maneno yake yote.

*

Siku yenyewe, utepe mwekundu na mweupe ulizungushwa uani tangu asubuhi, na kufikia saa nne hapakuwa na mahali pa kutia mguu. Watu walikuja hata kutoka Mabatini. Muuza karanga alikuja. Kwaya ilikuja imevaa sare. Kondoo mweupe alikuwa ameshachinjwa, na Rebeka alikuwa nyuma ya nyumba anapika na wanawake wenzake, moshi ukiwafukuza watazamaji upande mmoja na utepe ukiwarudisha upande wa pili.

Vijana wa mavazi meupe walivunja saruji, wakachimba. Udongo wa Mwanza una mawe, na kila chepe lilipogonga jiwe, Nathaniel alishtuka. Kisha chepe likagonga kitu ambacho hakikuwa jiwe. Mlio wake ulikuwa mrefu na mwembamba.

"Mfupa," alisema mchimbaji mmoja.

"Mfupa gani unalia kengele?" akajibu mwenzake.

Hapo Nathaniel akaanzisha wimbo. Aliuanzisha kwa sauti ya juu kupita umri wake, na kwaya, kwa utii, ikaupokea. Ngosha akavua kofia. Odoyo akavaa glovu, akachukua shuka yake nyeupe, akashuka shimoni.

Selestina alimwona mwanawe akipiga magoti mle ndani na kuitandika shuka ile juu ya udongo, akainyoosha pembe moja, akainyoosha nyingine, kama mzazi anavyomtandikia mtoto kitanda. Hakuweza kuvumilia. Aibu ya mbele ya watu aliiona, ikamfika shingoni, lakini ile ya mtoto kufungua blanketi akitafuta uso wa baba yake ilikuwa kubwa zaidi.

Alivuka utepe.

"Nyamazeni," alisema. Kwaya ikanyamaza vipande vipande, Nathaniel akiwa wa mwisho. "Odoyo, toka humo. Baba yako hayumo."

Odoyo aliinua uso. "Mama?"

"Hayumo. Hakuwahi kuwemo. Nilimzika akiwa hai ili wasimchome moto. Kilichomo humo ni injini ya mwenyekiti."

Muuza karanga aliacha kuita. Odoyo alimtazama mama yake, akatazama chini, akaondoa kipande cha mninga, na pale blanketi lilipochanika akaanza kufuta udongo kwa kidole gumba, taratibu, kama anavyofanya kazini. Propela ikatokea, na mapezi yake matatu. Alikuwa fundi, hakuhitaji kuambiwa mara ya pili.

Ngosha alisogea ukingoni. Alitazama muda mrefu, kofia mkononi.

"Hii ni yangu," alisema.

Watu walirudi nyuma hatua moja, wakijiandaa kwa vita. Nathaniel alisogea nyuma ya mwanakwaya mnene.

"Niliibeba," Ngosha alisema. "Niliibeba injini yangu mwenyewe. Upande wa kichwani. Nikailia." Alimgeukia Selestina. "Kwa hiyo sikumuua?"

"Hukumuua, mwenyekiti."

"Hakufa kwa kiapo changu?"

"Alivuka ziwa akiwa mzima, na shati lake la mistari."

Ngosha alikaa juu ya lundo la udongo, mzee mzima na suti yake ya msiba, akaficha uso kwenye kofia. Watu walidhani ni hasira. Kumbe alikuwa analia kama mtu aliyetolewa kifungoni. "Kila nikilala namwona," alisema. "Kila nikilala. Nimeacha pombe kwa ajili ya injini."

Mtu mmoja akacheka, akapigwa kiwiko.

"Mbona hukuniambia, mama Odoyo?"

"Ungetuacha hai?"

Ngosha alifikiri kwa haki. "Wakati ule, hapana. Na baadaye?"

Selestina alitazama miguu yake. "Baadaye ulikuwa unalipa ada."

Aibu ilimpanda mpaka masikioni baada ya kulisema, lakini alikuwa ameamua kusema yote, na hilo nalo lilikuwemo. Ngosha alimtazama, kisha akamtazama Odoyo shimoni, kijana aliyemsomesha, akasema polepole, "Hizo sizijutii."

Kijana mmoja nyuma akataja polisi. Ngosha akainuka, akavaa kofia yake.

"Mwenye mali ni nani hapa? Si mimi? Mali yangu imepatikana. Nani mwingine ana kesi?"

Hakuna aliyekuwa nayo. Gladness naye akavua barakoa. "Mimi kazi yangu ni mabaki ya binadamu," alisema. "Hapa sijayaona. Na injini haiambukizi." Akamtafuta Nathaniel kwa macho mpaka akampata. "Mzee, na ule ugonjwa?"

"Umepona," Nathaniel alisema.

Mtaa ukacheka, wote kwa pamoja, hata Ngosha. Odoyo peke yake hakucheka. Alipanda kutoka shimoni, akaikunja shuka nyeupe kwa mikunjo ile ile ya dukani, akaishika kwapani, akapita katikati ya watu kuelekea ziwani. Mama yake hakumfuata. Alijua hana haki ya kumfuata bado.

*

Jioni watu walikuwa wameondoka na nyama ya kondoo matumboni. Odoyo alirudi, akakaa kwenye kizingiti, mbali kidogo na mama yake. Rebeka aliwaletea chai, akarudi ndani bila neno.

"Yuko wapi?" Odoyo aliuliza.

"Amekufa. Mwaka juzi, huko kisiwani Goziba. Boti ilipinduka, hakuonekana hadi leo."

"Kwa hiyo kweli alikufa maji."

"Uongo wetu ulimfuata mpaka ukampata."

"Nani alikwambia?"

"Mvuvi mmoja alikuja kununua chumvi pale ninapoanikia. Alilitaja jina kama anavyotaja bei."

"Ukafanya nini?"

"Nikampimia chumvi yake." Selestina alishika ncha ya khanga. "Ningefanya nini, baba? Mimi ni mjane tangu zamani. Mjane anamlilia mume mara mbili? Nilimlilia akiwa hai, mbele ya watu. Alipokufa sikuwa na ruhusa."

Odoyo aliisogeza kando chai iliyokuwa inapoa.

"Mbona hakurudi? Ngosha alishaokoka. Mtaa wote ulishasahau."

"Alirudi."

Odoyo aligeuka.

"Unajua ya kwetu. Mtu aliyekwisha kuzikwa kwake haingii tena mlangoni. Akiingia, anawaletea kifo waliomo ndani. Yeye aliamini, na mimi niliamini, na baba yako mdogo na uzee wake wa kanisa anaamini hadi leo. Nilimwokoa na tairi, halafu nikamfungia mlango. Hilo siku ile hatukulifikiria. Tulifikiria uzito tu." Alionyesha uzio kwa kidevu. "Aliishia kwenye uzio. Mimi nilikuwa mwaloni. Wewe ulikuwa unamwagilia maua."

Odoyo akasema, kwa sauti ya mtoto wa darasa la pili, "Yule wa soda."

"Alinifuata mwaloni. Alisema, 'Nimemwona. Ana masikio yangu. Nimemuuliza hapo amelala nani, akanijibu ni baba, usikanyage.'" Selestina aliachia ncha ya khanga. "Akaniambia, 'Basi sikukanyaga.' Akarudi botini."

Odoyo aliinamisha kichwa katikati ya magoti. Mabega yalitikisika. Mama yake aliunyoosha mkono, ukafika nusu ya njia, ukabaki pale.

"Nimekasirika, mama."

"Najua."

"Na sijui nitakasirika mpaka lini."

"Nipo. Siendi popote."

Odoyo alijifuta uso kwa kiganja chenye oili, kikamwachia doa. Kisha akauchukua ule mkono uliobaki njiani.

"Haya," alisema. "Mlilie sasa."

Selestina alilia. Alianza kidogo, kama anaomba radhi, kisha sauti ikatoka yote, ile ya Kijaluo inayopanda na kuita jina la mtu, Zadok, Zadok wangu, ikapita juu ya utepe uliolegea na shimo lililo wazi. Wanawake wa mtaa, wale wale waliokuja mchana kutazama, waliisikia majumbani kwao. Hakuna aliyewaita. Walijifunga khanga, wakaja mmoja mmoja, wakakaa chini.

*

Nathaniel alisafiri mwenyewe kwenda Rorya kutafuta yago. Alirudi nalo limefungwa kwenye gunia safi, amelipakata safari nzima, akakataa liwekwe kwenye buti ya basi. Alichonga jeneza jingine, dogo, na hakumruhusu mtu kumsaidia.

Walilifunga tunda kwa shuka nyeupe ya Odoyo. Ngosha akadai nafasi yake upande wa kichwani, na hakuna aliyebisha. Alipoinua, jeneza likapanda kwa urahisi hadi likampita bega.

"Leo amepungua," alisema, na alisema kwa upendo.

Injini Ngosha aliiacha kwenye karakana ya Odoyo. Haiwezi kuwaka tena. Odoyo ameisafisha kutu hata hivyo, ameiweka kwenye kona, na wateja wakiuliza inauzwa bei gani anasema ina mwenyewe.

Baada ya mazishi watu walitangulia nyumbani kula, wakabaki mama na mtoto makaburini, kwenye kaburi jipya ambalo bado halina saruji. Odoyo alikuwa amenunua soda mbili za machungwa. Alifungua ya kwanza kwa meno, akainama ili aiweke juu ya udongo, kama miaka yote. Kisha akasita. Akanyooka, akampa mama yake.

"Kunywa wewe," alisema. "Huyu tumempa sana. Wewe ndiye uliyekuwepo."

Selestina aliipokea kwa mikono miwili.